Jibu: DynaBook J-3100SS na diski za PC-98

Umeuliza kama DynaBook J-3100SS, kompyuta ya kubebeka ya Toshiba, inaweza kuendesha diski zako za PC-98, yaani ukoo wa kompyuta za NEC ya Japani. Haiwezi. Toshiba iliitoa mwaka 1989 kwa yeni 198,000, kilo 2.7, ukubwa wa karatasi ya A4, na bei ile ilishtua soko zima. Lakini ndani yake ni ukoo wa IBM PC, ilhali programu nyingi za Kijapani wakati huo ziliandikiwa PC-9801 ya NEC, ya ukoo wa PC-98. NEC ilijibu mwaka huohuo kwa kompyuta yake ya kubebeka, PC-9801N, yaani 98NOTE. Hiyo ndiyo unayoihitaji.

Ukiipata, usiiwashe kwanza. Toa betri, fungua, kagua betri ndogo ya nikeli-kadimiamu iliyo ndani. Ukiona ukoko wa kijani au mweupe, imevuja, na maji yake hula njia za shaba kwenye bodi. Yana asili ya magadi, kwa hiyo pangusa na pamba yenye siki kidogo, kisha alkoholi safi, acha ikauke kabisa. Kagua na kapasita, vile vipande vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi. Za umri huo huvuja pia, hata kama mashine haijaguswa miaka mingi.