Kagua data kabla ya kuifunza mashine

Msimu mmoja niliombwa kutengeneza modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na data, ya kukadiria mavuno ya alizeti katika wilaya za Mkoa wa Dodoma. Jedwali nililopewa lilionekana nadhifu, nikaanza kuifunza mashine siku hiyo hiyo, na wiki tatu baadaye ilikuwa ikitabiri mavuno ambayo hakuna mkulima wa Kongwa aliyewahi kuyavuna. Tangu hapo sianzi kazi kabla ya ukaguzi, nawe nakusihi usianze.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye safu ya “magunia”. Nilizidisha kila gunia kwa uzito mmoja, ilhali gunia lililoshonwa mdomo na lile la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi na kufungwa kwa kamba juu, kila moja lilihesabiwa gunia moja tu. Hakuna programu ambayo ingeligundua hilo, kwa kuwa namba zenyewe hazikuwa na kasoro. Nililijua nilipomfuata karani aliyejaza fomu sokoni nikamwambia, “Kaka, hebu nioneshe mlivyokuwa mnahesabu.” Kwa hiyo, kabla ya kufungua kompyuta, mtafute aliyeshika kalamu.

Tazama sifuri kwa makini. Katika safu ya mvua nilikuta sifuri ya mwezi mzima wa Januari, wakati Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Sifuri ile ilimaanisha kwamba hakuna aliyepima. Majina nayo hubadilika: Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, hivyo kijiji kilekile kinaweza kuonekana chini ya wilaya mbili. Namba za simu za wakulima ziondoe mapema, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama mradi ni mdogo.

Unapotenga data ya majaribio, yaani ile unayoificha mashine ili uipime nayo baadaye, usichanganye mistari ovyo. Mkulima mwenye kumbukumbu za misimu minne akiwa pande zote mbili, wa kujifunzia na wa majaribio, modeli itamkariri yeye badala ya kujifunza kilimo, na alama zake zitakudanganya. Mimi humweka kila mkulima na mistari yake yote upande mmoja, au huuacha kando msimu wa mwisho wote.

Mistari ya magunia ambayo karani hakuweza kuikumbuka niliifuta. Jedwali lilipungua sana, nikamweleza mwenye kazi kwamba kwa wilaya mbili data haijatosha, na tukakubaliana kusubiri mavuno yajayo, safari hii kwa mizani.