Ofisi Mbili, Seva Mbili, Anwani Moja

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi ni msimamizi wa kompyuta katika kampuni ya kusafirisha korosho yenye ofisi moja Mtwara Mjini na nyingine Lindi. Zamani zilikuwa kampuni mbili, sasa zimeungana. Kila ofisi ina kikoa chake (kundi la watumiaji na kompyuta zinazosimamiwa pamoja) cha Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti, na seva yake ya Exchange, programu ya Microsoft ya barua pepe. Ya Mtwara ni toleo la 2019 na ya Lindi la 2016. Uongozi unataka wafanyakazi wote, 60 hivi, watumie anwani ya barua pepe inayoishia na jina la kampuni mpya. Nimejaribu kufanya vikoa viaminiane lakini imekataa, kwa kuwa fundi aliyevisimika alivipa vyote jina fupi lile lile, OFISI. Tena, mtu wa Mtwara akimwandikia wa Lindi kwa anwani mpya, barua humrudia papo hapo ikisema mpokeaji hayupo. Nifanyeje?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, ndani ya swali lako mna maswali mawili, na nadhani kuyachanganya ndiko kulikokupotezea muda. Kuaminiana kwa vikoa ni kwa ajili ya kuingia kwenye kompyuta na kufungua mafaili: mhasibu anayetambuliwa Lindi huweza kuruhusiwa folda ya Mtwara bila kufunguliwa akaunti ya pili. Barua pepe haihitaji hayo. Seva ya barua huuliza tu barua hii ipelekwe wapi, na ndiyo maana barua ya Lindi hufika Uingereza kwenye seva ambayo haina uhusiano wowote na yenu.

Kuhusu kuaminiana, kwa hali yenu haiwezekani. Active Directory haikubali vikoa viwili vyenye jina fupi moja viaminiane, na Microsoft haikubali kikoa chenye Exchange ndani yake kibadilishwe jina. Dawa ya kudumu ni kujenga kikoa kimoja kipya, chenye seva ya kukisimamia katika kila mji, na kuwahamishia watumiaji humo kidogo kidogo. Hiyo ni kazi ya miezi, na mimi nisingeithubutu katikati ya msimu wa minada ya korosho. Kwa sasa, wale wachache wa Lindi wanaohitaji mafaili ya Mtwara wafungulie akaunti za Mtwara, basi.

Barua, kwa upande wake, haina haja ya kungoja. Inarudi kwa sababu seva ya Mtwara inajiona kuwa mmiliki pekee wa anwani zote zinazoishia na jina la kampuni, kama Exchange inavyofanya isipoelekezwa vinginevyo. Ikikosa jina la mtu wa Lindi katika orodha yake, haina sababu ya kuuliza kwingine. Mafundi wengi huigeuza seva iwe mpitishaji, yaani ikikosa jina iisukume barua upande wa pili. Upande mmoja, njia hiyo inafaa. Ukiifanya pande zote mbili, barua iliyokosewa herufi moja itakwenda Lindi, irudi Mtwara, iende tena Lindi, mpaka seva zigundue kuwa inazunguka.

Mimi ningeacha kila seva ibaki mmiliki, kisha ningetumia anwani za ndani. Kila sanduku la Lindi lipe anwani ya pili yenye neno «lindi» na nukta kabla ya jina la kampuni, na masanduku ya Mtwara yapewe «mtwara» vivyo hivyo. Halafu, kwenye seva ya Mtwara, mwandikishe kila mtu wa Lindi kama mtu wa nje ambaye anwani yake inayoonekana ni ile ya kampuni, lakini barua zake hupelekwa kwenye ile ya ndani. Lindi fanya kinyume chake. Mwisho, weka kwenye kila seva kiunganishi cha kutuma kinachoelekeza barua za anwani za ndani za wenzao moja kwa moja kwenye seva yao. Jina lililokosewa litakataliwa mara moja, na wafanyakazi wataonana katika kitabu cha anwani. Gharama yake ni kwamba kila anayeajiriwa au kuondoka lazima ashughulikiwe pande zote mbili, lakini kwa watu 60 orodha moja na skripti fupi ya PowerShell (maagizo ambayo Windows huyatekeleza yenyewe) vinatosha.

Kabla ya hayo, jenga VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti) kati ya ruta zenu, na uangalie namba za mtandao. Ikiwa fundi huyo aliacha 192.168.1 kote kuwili, ruta hazitajua kompyuta ipi iko wapi; badilisha za Lindi, na usisahau printa zenye anwani za kudumu, maana hapo ndipo utakapopigiwa simu za hasira. Pia Microsoft iliacha kuyahudumia matoleo ya 2016 na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo pangeni bajeti ya toleo jipya.

Wapo watakaokushauri uhamishie kila kitu kwenye seva za ng'ambo. Wakumbushe Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchini: barua ya kutoka Mtwara kwenda Lindi, kilomita 100 na ushee, isingepaswa kutegemea bahari.

SWALI: Barua zote za nje hupokelewa na seva yetu ya Mtwara. Umeme ukikatika kule, za kwetu hupotea?
Msomaji, Lindi

JIBU: Hazipotei upesi. Seva ya mtumaji huzishikilia na kujaribu tena. Exchange kwa kawaida hufanya hivyo kwa siku 2, na nyingine hufikia siku 4 au 5. Ukitaka zisicheleweshwe, ongeza rekodi ya pili ya MX (inayoutangazia ulimwengu seva ya kupokea barua zenu) inayoelekeza Lindi, yenye namba kubwa kuliko ya Mtwara, ili itumike pale ile ya kwanza inapokuwa kimya. Na ikiwa seva yenu hutuma barua nje moja kwa moja, anwani yake ya IP nayo iandikwe kwenye rekodi ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kampuni), la sivyo wateja wenu watazikuta kwenye barua taka.