Maswali ya Wasomaji: Wakili wa Mazingira Asiyeonekana Mahakamani

SWALI: Mimi ni wakili mwenye uzoefu wa miaka minne katika mashauri ya madai. Nimepewa nafasi ya kuhamia kitengo cha sheria za mazingira, chini ya wakili mkongwe ambaye kutwa nzima husoma vibali na ripoti za maabara, na mahakamani haendi ila mara chache. Je, nikimfuata sitausahau uwakili?

JIBU: Hutausahau, ila utaufanya mapema kuliko ulivyozoea. Sheria ya mazingira yenyewe, ile iliyotungwa na bunge, aghalabu hukataza tu kuchafua mto, ilhali kibali anachopewa mwenye kiwanda ndicho kinachotaja kiasi cha kemikali kinachoruhusiwa katika kila lita ya maji taka, mahali pa kuchukulia sampuli, na iwapo kiwango hicho ni wastani wa mwezi au ni ukomo usiovukwa hata siku moja. Jambo hilo la mwisho, ambalo mgeni katika fani hulipita haraka, laweza kumfanya mteja yuleyule, kwa maji yaleyale, awe ametii sheria au ameivunja. Ripoti za maabara nazo husomwa kwa jicho hilohilo: nani alichukua sampuli, ilihifadhiwaje, na ilipita mikononi mwa nani kabla ya kupimwa.

Misingi haitakusumbua. Mingi imo katika Azimio la Rio la mwaka 1992, tamko la mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, ambalo kanuni yake ya 15 inahusu tahadhari, ya 16 gharama kubebwa na mchafuzi, na ya 17 tathmini ya athari kwa mazingira.

Kinachohitaji miaka ni ile simu ya usiku. Tangi limevuja, na mteja anauliza kama anaweza kunyamaza mpaka asafishe. Katika nchi nyingi kuchelewa kutoa taarifa ni kosa peke yake, mbali na uvujaji wenyewe, kwa hiyo wakili mzoefu humshauri atoe taarifa mara moja, aeleze yaliyothibitika tu, wala asikisie chanzo kabla mhandisi hajakichunguza. Mteja hupenda kubishana hapo (nami sijaona ubishi huo ukimsaidia), na wewe uliyezoea kumtetea mtu baada ya tukio utaona ugumu wa kumzuia asijiharibie wakati tukio bado linaendelea.

Ukikubali nafasi hiyo, mwombe mkongwe wako akupeleke kiwandani, kibali kikiwa mkononi, mfuate maji tangu yanapoingia hadi bomba la mwisho yanapotokea.