Kabla ya Kuongeza Dozi: Kwa Wauguzi Wanaoanza Kazi Lamu

Wenzangu mnaoanza kazi kwenye kliniki ya maradhi ya akili, ninawaomba msiombe dozi ya haloperidoli, dawa ya kutuliza wazimu, iongezwe kabla ya kuchunguza iwapo kinachomsumbua mgonjwa ni maradhi yake au ni dawa yenyewe. Dawa hii huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, na kwa kuwa dopamini hiyo hiyo husaidia kuongoza misuli, kijana aliyechomwa sindano jioni anaweza kuamka shingo imepinda, macho yamekwama juu na ulimi mzito. Jamaa zake watasema jini amempanda kichwani, wala siwalaumu, maana mara nyingi hakuna aliyewatahadharisha. Akichomwa sindano ya prometazini, shingo hulegea baada ya muda mfupi. Lakini mwambieni mama yake mapema, kabla hawajapanda boti kurudi Faza, kwa sababu usiku kule si rahisi kupata chombo cha kuwarudisha.

Dhara la dawa hii linalofichika zaidi ni lile la kutotulia. Mgonjwa huketi barazani, huinuka, hutembea, huketi, kisha huinuka tena, na aliye mgeni wa kazi huandika kwenye faili kwamba wazimu umezidi. Muulizeni kwa upole: "Ni moyo usio na raha, kaka, au ni miguu isiyotaka kutulia?" Akitaja miguu, kuongeza dozi ni kumzidishia adha, daktari huipunguza, au humwandikia propranololi ikiwa hana pumu.

Ulizeni pia habari za miraa, bila kukemea, la sivyo mtafichwa. Kathinoni iliyomo huchochea dopamini ile ile tunayoizuia, kwa hiyo dawa huweza kuonekana dhaifu ilhali kuna kinachoshindana nayo.

Klopromazini, dawa nyingine ya kutuliza wazimu, huifanya ngozi iungue upesi juani. Mvuvi avae kofia na mikono mirefu.

Lithiamu, dawa ya wale ambao hali yao ya moyo hupanda na kushuka kupita kiasi, ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa kwa joto letu. Mwili ukikaukiwa na maji na chumvi, figo huizuia isitoke, nayo hupanda katika damu hadi mgonjwa akatapika, akatetemeka mikono na kuyumba akitembea. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazonunuliwa kwa maumivu ya mgongo, huleta hatari hiyo hiyo. Anayekusudia kufunga azungumze na daktari tangu Shaabani, ili damu ipimwe kabla mwezi haujaandama.