Maswali ya Wasomaji: Maua Yenye Kishindo kwa Jioni za Baridi

Nina manukato ya waridi na limau ninayoyapenda sana majira ya joto. Baridi ikiingia, nikitoka nayo jioni hayasikiki, hata nikipulizia mara sita. Yameharibika?

Hayajaharibika, dada. Pua haisikii harufu mpaka chembe zipae kutoka kwenye ngozi, na ngozi iliyopoa hurusha chembe chache. Majira hayo ngozi pia huwa kavu, haina mafuta ya kuyashikilia manukato. Limau lina chembe nyepesi mno: hata wakati wa joto huondoka mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa. Waridi lililobaki, kama halikuwekewa kitu kizito chini yake, halina pa kuegemea.

Hiyo mipulizo sita ndiyo inayotutia wasiwasi. Nje kwenye nyuzi 5 utaisikia michache. Ukiingia kwenye chumba cha nyuzi 22 ukavua koti, yote sita inaamka kwa pamoja, na jirani yako mezani ndiye anayeipokea. Jioni ya baridi ina hewa mbili, ya nje na ya ndani. Pima manukato yako kwa hewa ya ndani, maana huko ndiko watu wanakaa karibu nawe.

Basi nichague maua gani? Nataka yanayotangulia mlangoni kabla yangu, lakini yasiwe ya kuchosha.

Tafuta maua meupe au waridi zito, kisha uangalie yamelazwa juu ya nini. Maua meupe ni yasmini, tuberosa, langilangi na ua la mchungwa. Tuberosa, ua lenye asili ya Meksiko, hunukia zaidi giza likiingia, na huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa. Ndani ya yasmini na tuberosa mna indoli, chembe ambayo ikiwa peke yake hunuka kama vidonge vya nafthalini, lakini ikiwa kidogo ndani ya ua hulipa joto na unyama fulani. Ukiiondoa kabisa, unabaki na harufu ya sabuni. Kwa hiyo usikimbie ukisikia kitu kama nafthalini dakika za mwanzo. Subiri nusu saa kwanza.

Chini ya maua pawe na vitu vizito: sandali, pachuli, ubani, vanila, bensoini (utomvu wa mti wenye harufu tamu), miski, ambari. Hivi hupaa polepole, na hukaa na ua mpaka usiku uishe. Waridi juu ya pachuli na ubani ni mfano mzuri. Portrait of a Lady ya Frederic Malle, iliyotengenezwa na Dominique Ropion mwaka 2010, imejengwa hivyo. Yasmini juu ya sandali utaikuta kwenye Samsara ya Guerlain ya mwaka 1989. Ukitaka tuberosa isiyoomba radhi, nenda kwa Fracas ya Robert Piguet, kazi ya Germaine Cellier ya mwaka 1948. Poison ya Dior ya mwaka 1985 nayo ni tuberosa, ila imetiwa matunda meusi na viungo. Hiyo, kwa maoni yetu, ni mpulizo mmoja tu, na anayepuliza miwili awe anakwenda mahali penye dari refu.

Kuhusu ukali, chupa ya eau de toilette kwa kawaida huwa na kiini, yaani malighafi yenyewe ya harufu, cha asilimia 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20, na parfum huenda 20 hadi 30. Wengi hudhani parfum ndiyo inayosikika mbali zaidi. Si lazima. Ina alkoholi kidogo ya kuirusha, hivyo mara nyingi hukaa karibu na mwili, ila hudumu. Kwa chakula cha jioni cha watu wachache, parfum ina adabu zaidi.

Usinunue kwa kunusa karatasi pekee. Karatasi haina joto wala mafuta. Weka mpulizo mmoja mkononi, toka nje dakika 10, rudi ndani, unuse tena baada ya saa 3. Ukilipenda lililobaki hapo, hilo ndilo utakalokaa nalo muda mrefu zaidi.

Mipulizo mingapi, na wapi? Nimezoea kusugua vifundo vya mikono.

Kwa maua mazito, miwili au mitatu. Pampu ya kawaida hutoa takriban mililita 0.1 kwa mpulizo, yaani chupa ya mililita 50 ina kama mipulizo 500. Huna haja ya kuimaliza kwa msimu mmoja.

Pulizia dakika 20 hadi 30 kabla ya kutoka, na kabla ya kuvaa. Kwanza paka losheni isiyo na harufu, au mafuta ya mgando membamba, pale utakapopulizia. Mpulizo mmoja kifuani, utakaofunikwa na nguo na kupanda taratibu kadiri mwili unavyopata joto. Mmoja kwenye kisogo. Vifundo vya mikono si pazuri jioni hizi: nje vinapoa, ndani unaviosha. Kusugua hakuvunji chembe kama wasemavyo watu. Msuguano unaongeza joto tu, harufu za mwanzo zinaondoka haraka, nyingine unazihamishia kwenye ngozi ya upande wa pili. Acha pakauke penyewe.

Baada ya muda pua yako itaizoea harufu, hutaisikia tena. Usiongeze kwa sababu hiyo. Muulize mwenzako.

Tena, usipulizie karibu na mshumaa au moto. Hiyo ni alkoholi.

Manukato yangu yalikuwa ya manjano hafifu, sasa ni kahawia. Niyatupe?

Nusa kwanza. Vanilini, chembe ya harufu ya vanila, hugeuza rangi kuwa kahawia, na indoli na metili anthranilati, chembe za maua meupe, nazo huleta rangi zinapokutana na aldehaidi, kundi jingine la chembe za harufu. Hiyo ni rangi tu. Yaliyoharibika hujulikana kwa dakika za mwanzo kunuka siki, vanishi au mafuta yaliyochacha, na hali hiyo isipite. Yaweke ndani ya boksi lake, gizani, mbali na bafu na dirisha, kwenye nyuzi 15 hadi 20 zisizobadilika.

Naweza kujitengenezea kidogo nyumbani? Nimejaribu na vodka, ikawa kama maziwa.

Vodka ya kawaida ina alkoholi ya asilimia 40 hivi. Kilichobaki ni maji, na mafuta hayayeyuki humo. Tafuta ethanoli ya asilimia 95 au 96 iliyotayarishwa kwa manukato. Nunua pia mizani inayosoma gramu 0.01, kwa sababu matone hayalingani: tone la sandali ni zito kuliko la bergamoti, mafuta ya tunda la jamii ya mchungwa.

Huu ni mchanganyiko wa gramu 10, kiini asilimia 15. Pima sandali 0.25, pachuli 0.10 na bensoini iliyokwisha kuyeyushwa nusu kwa nusu 0.20. Ongeza hedioni, kemikali ya maabara yenye harufu nyepesi ya yasmini, 0.45, inayolipa yasmini nafasi ya kupumua, na fenetili alkoholi 0.25, ambayo ndiyo harufu kuu ya marashi ya waridi. Kisha absoluti (dondoo zito la ua) ya yasmini 0.05, absoluti ya waridi 0.05 na langilangi 0.05. Malizia na bergamoti iliyoondolewa bergapteni (chembe inayoweza kuunguza ngozi juani), 0.10. Hapo una gramu 1.50. Koroga, uache siku 2 chupa ikiwa imefungwa, halafu tia ethanoli gramu 8.50.

Langilangi ndiyo inayowaponza wengi. Tone moja la ziada na chupa nzima inanuka ndizi mbivu. Huwezi kulichota, ongeza vingine vyote kwa uwiano uleule, au anza upya.

Weka gizani wiki 4. Siku za mwanzo alkoholi itachoma pua, usihukumu. Baadaye iweke kwenye friji saa 24, kwa kuwa absoluti zina nta inayoganda kwenye baridi, kisha ichuje ikiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Ukiruka hatua hii, manukato yatakuwa na weupe kama wa maziwa ukitoka nayo usiku wa baridi.

Ngozi yangu huwasha. Je, nipulizie skafu badala ya shingo?

Inawezekana, lakini jua kinachokuwasha. Soma boksi: ukiona eugenol, cinnamal au linalool, hivyo ni miongoni mwa vinavyoleta mzio mara nyingi. Kabla ya kutumia chupa mpya, weka kidogo ndani ya kiwiko, uangalie kwa siku 2. Ukitoka upele, usiyaweke tena kwenye ngozi hata kidogo. Na skafu inayogusa shingo haikusaidii hapo, vaa harufu hiyo kwenye bitana ya koti.

Sufu hushika vizuri, kwa siku kadhaa, kwa hiyo skafu moja iwe ya manukato mamoja. Pulizia ukiwa umbali wa sentimita 20, iache ikauke. Hariri na nguo nyeupe usizipulizie kamwe, hasa kwa manukato ya kahawia tuliyoyataja juu: doa lake ni gumu kutoka.