dsDNA imepanda na wala siumwi: yaliyonikuta mimi

Umeuliza kama kingamwili za dsDNA (zile zinazolenga DNA ya mwili wenyewe) kupanda huku unajisikia mzima ina maana figo ziko hatarini. Pole, hofu hiyo naijua. Nina lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, mwaka wa 9 sasa, na kipimo hicho kimenipandia mara mbili, kila mara na mwisho wake.

Mara ya kwanza sikulala. Kumbe nilikuwa nimebadilisha maabara, na namba za maabara moja hazilinganishwi hivi hivi na za nyingine. Tuliporudia kule kwa zamani, ilikuwa imepanda kweli, ila kidogo. C3 na C4, protini za kinga kwenye damu, ziko palepale, mkojo safi. Daktari hakugusa dawa, akanisogezea tu tarehe ya kliniki karibu. Hakikutokea kitu. Wapo wanaokaa miaka hivyo hivyo, dsDNA juu, mwili umetulia.

Mara ya pili ilipanda na C3 ikashuka, vipimo viwili mfululizo. Hizo C3 na C4 hutumika kingamwili zinapofanya mashambulizi, kwa mfano ndani ya figo. Zikipungua kwenye damu, jiulize zinaishia wapi. Nilikuwa natembea, nafanya kazi, hakuna maumivu. Dalili pekee ilikuwa povu chooni: dogo dogo, zito kama la sabuni, navuta maji na bado limeng'ang'ania ukingoni. Mkojo wa saa 24 ulikutwa na protini zaidi ya gramu 1, wakati nusu gramu tu inatosha daktari kufikiria kuchukua kinyama cha figo kukipima. Kikachukuliwa, figo zikakutwa zimeshaguswa na lupasi. Na kreatinini, kile kipimo cha damu cha utendaji wa figo? Ya kawaida kabisa! Tangu hapo anayeniambia "kreatinini nzuri, figo nzima" namsikiliza kwa sikio moja.

CRP, kipimo cha damu cha uvimbe wa ndani ya mwili, isikupumbaze pia. Kwenye lupasi mara nyingi hubaki chini hata ugonjwa ukiwaka, na ikiruka ghafla madaktari hutafuta kwanza maambukizi. Kingamwili za antifosfolipidi ni habari nyingine, hizo ni za hatari ya damu kuganda, na hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi kabla ya kuthibitishwa.

Haidroksiklorokwini, dawa ya kutuliza lupasi, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Halafu hujasema: C3 yako imesomaje, na mkojo ulipimwa lini mara ya mwisho?