Toa trei za mayai, leta godoro

Sikio la Shangazi: maswali ya wasomaji kuhusu kurekodi sauti

Shikamoo Shangazi. Natengeneza filamu fupi ya nyanya yangu akighani utendi, chumba cha juu nyumbani kwetu Mkomani, Lamu. Maiki ni nzuri, lakini sauti yatoka kama yumo ndani ya birika. Nimebandika trei 60 za mayai ukutani, hali ni ile ile. Rafiki yangu asema kuna programu ya kuondoa mwangwi. Niinunue?
Mjukuu, Mkomani

Marahaba mwanangu. Fungia pesa zako kwanza. Simama katikati ya chumba, nyamaza, kisha piga kofi moja. Utasikia “trrrr”, kama kware aliyeshtuliwa majanini. Hilo ni kofi lako likienda na kurudi baina ya kuta mbili ndefu zinazotazamana.

Vyumba vyetu vya kale vina tabia hiyo kwa sababu ya boriti. Upana ulifuata urefu wa mti wa mkoko, ndiyo maana ni vyembamba na virefu, na kuta ni matumbawe yaliyokandikwa chokaa ikalainishwa. Ni raha kwa mtu aliyetoka juani, ni balaa kwa maiki. Changu nimekipima: upana mita 2.6, urefu mita 6, kwenda juu mita 3.2. Kikiwa kitupu, hesabu yanipa kama sekunde 3 sauti ikizunguka kabla ya kufa. Nyanya amefika kipande cha pili cha ubeti, na cha kwanza kingali chatembea chumbani.

Hesabu hiyo si yangu, ni ya Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alikabidhiwa ukumbi mpya wa mihadhara ambao msemaji haeleweki. Akawa abeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi wa jirani, anaingiza michache, anapuliza bomba la kinanda, anapima kwa saa muda wa sauti kupotea, kisha anaongeza mingine. Mtu mzima na shahada zake, usiku kucha mikononi ana mito! Lakini ndiye aliyetuonyesha kuwa muda huo hutegemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu vinavyomeza sauti.

Sasa trei zako. Ni karatasi nyepesi. Zatawanya kidogo sauti nyembamba za juu, kifua cha sauti zakiacha kama kilivyo. Tena zashika moto upesi, na vichochoro vyetu havipitishi gari la zimamoto. Zibandue leo.

Tafuta magodoro manne ya sufi, yale mazito ya unene wa sentimita 10 hivi. Mawili yasimamishe kwenye ukuta mmoja mrefu, mawili ukuta wa pili, usawa wa kichwa cha Nyanya akiwa ameketi. Usiyagandamize ukutani, acha nafasi ya shubiri moja nyuma. Hewa iliyogusana na ukuta haitembei, na godoro humeza sauti pale hewa inapopita ndani ya nyuzi zake. Kwa magodoro hayo, chumba kama changu hushuka hadi karibu na sekunde 1. Kanga usijisumbue, hata iwe na jina zuri namna gani; ni nyepesi mno.

Kisha sogeza maiki. Naona vijana wengi mwaiweka karibu na kamera, mita mbili mbali, kisha mwalaumu maiki. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya Nyanya hupanda desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na mwangwi wa chumba wabaki palepale. Iweke shubiri mbili kutoka kinywani, juu kidogo, nje ya picha. Nyanya mwenyewe asikae katikati kabisa ya upana wa chumba wala mgongo ukutani, kwani hapo ndipo besi huvurugika.

Programu? Ipo, na yasaidia kidogo mwishoni. Ukiibana sana hulamba na pumzi, na utendi bila pumzi za mghani ni kama kusomewa na mashine.

Jambo moja uliloliacha: friji. Miaka ya kaseti nilimrekodi mzee mmoja saa nzima, nikaridhika, nikarudi kwangu. Kusikiliza, chini ya kila ubeti kuna “mmmm”. Friji ilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na mimi sikuvaa hedifoni kwa kuona haya mbele ya wazee. Nikapanga kurudi baada ya Idi. Hakuifikia Idi. Kaseti hiyo ninayo, na friji imo. Siku hizi nazima friji, kisha natia humo ufunguo wa nyumba yangu. Siwezi kuondoka bila kuufuata, na hivyo siisahau ikiwa imezimwa na samaki za watu ndani.

Magodoro hayatamzuia punda wala injini ya boti, hizo hupita madirishani na mlangoni. Kwa hizo ni kuchagua saa. Mimi hupenda baada ya isha. Mkimaliza, mwombe kila mtu anyamaze na urekodi nusu dakika ya chumba kitupu. Utaikata vipande uzibe mianya wakati wa kuhariri.

Shangazi, nilipiga picha ngoma ya arusi Malindi kutoka juu ya ghorofa. Mkono watua kwenye ngoma kwanza, mlio wafuata baadaye. Kamera ni mbovu?
Mpiga picha, Malindi

Kamera ni nzima, wewe ndiwe uliyekuwa mbali. Kwenye joto letu sauti hutembea kama mita 348 kwa sekunde. Ukiwa mita 35 kutoka kwa wapigaji, huchelewa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu mbili na nusu kwa picha ya fremu 25 kwa sekunde. Vuta sauti ianze mapema kwa fremu mbili au tatu, tazama mkono unaotua, basi. Siku nyingine acha rekoda chini karibu na wapigaji, piga kofi mbele yake na kamera ikiwa jirani ili upate alama ya kulinganisha, kisha panda ghorofani huku vyote viwili vyaendelea. Piga jingine mwishoni, maana saa za mashine mbili haziendi sawa, na arusi ndefu huziachanisha.

Upepo wa kusi wanishinda ufuoni Shela. Sifongo ya maiki haisaidii.
Mwanafunzi, Shela

Haitasaidia. Ile ni ya pumzi za msemaji. Wataka manyoya marefu: nunua mwanasesere wa dubu sokoni, mchune, ushone kifuko kipana kisichogusa maiki yenyewe, manyoya nje. Usimnyoe kwa kuona amezidi. Na mwenye kuongea aupe upepo mgongo, maiki ikae kifuani kwake.